Mtu wa Tatu

Ilikuwa Jumamosi ya Machi 2021, saa mbili asubuhi, nikitoka sokoni Tabata, Dar es Salaam. Nilikuwa navuka kwenye zebra, mkononi mfuko wa nyanya na dagaa. Daladala lilisimama kunipisha. Kenta iliyokuwa nyuma yake, imebeba matofali, haikusimama. Ilichepuka ikapita pembeni. Nakumbuka mlio wa matofali yakigongana, halafu nakumbuka mama mmoja muuza vitumbua akinifunika kanga yake. Mguu wa kulia ulivunjika sehemu mbili, kwenye muundi. Mtu nisiyemjua mpaka leo aliokota zile nyanya zangu, akaulizia nyumba, akazipeleka kwa mama pamoja na habari.

Ajali yenyewe ni ya kawaida. Kila msomaji wa mjini ana ya kwake, au ya ndugu yake. Ninachotaka tukitafakari pamoja ni kilichofuata: karatasi mbili zilizowekwa juu ya meza moja, na mimi nikitakiwa kuchagua.

Karatasi ya kwanza ililetwa na afisa madai wa kampuni ya bima, mwezi wa saba baada ya ajali. Kijana mstaarabu, shikamoo kwa mama kabla hajakaa, akanywa chai yote aliyopewa. Kampuni ilikuwa tayari kunilipa shilingi 6,500,000. Sharti lilikuwa moja: nitie saini kwamba nikishapokea fedha hizo sina dai lingine lolote, leo wala kesho, dhidi ya mwenye gari, dereva au kampuni.

Karatasi ya pili ilitoka kwa wakili, rafiki wa shemeji yangu. Ilikuwa notisi ya madai, imeandikwa tayari, bado kutumwa tu. Yeye alitaka tumshtaki mwenye gari pamoja na dereva, tudai milioni 25. Akanieleza kwamba kwa sheria yetu madai ya aina hii yana miaka mitatu tangu siku ya kuumia, kwa hiyo tusikimbizwe na mtu. Nilipomuuliza kesi itachukua muda gani, akaangalia dari. "Mwalimu, mahakama ni mahakama," akasema.

Basi nikawa na mguu mmoja wa nyama, mmoja wa vyuma, na karatasi mbili.

Nianze na neno. Bima ambayo kila mwenye chombo cha moto analazimishwa na sheria kuwa nayo, ile ndogo, watu huiita bima ya mtu wa tatu. Nilikuwa nimelisikia jina hilo maisha yangu yote bila kujiuliza: huyo wa tatu ni nani? Ni mimi. Wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni. Hao ndio waliokaa mezani, wakakubaliana bei, wakatia saini. Mimi niliyelala barabarani nimo kwenye mkataba wao kama mvua ilivyo kwenye mkataba wa fundi paa: jambo linaloweza kutokea.

Na mkataba huo una sharti ambalo wengi hawalijui. Mwenye gari hukatazwa kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Ukifikiri kibiashara, ni jambo la akili: kampuni ndiyo itakayolipa, haitaki mteja wake aropoke. Lakini tazama linavyofika kwa mgonjwa. Miezi saba hakuna mtu wa upande ule aliyekanyaga kwetu. Tajiri hakuja, dereva hakuja. Kesi ya trafiki ilikwisha kwa dereva kutozwa faini nami nikiwa bado wodini. Majirani walikuja, wanafunzi wangu walikuja na kadi waliyoichora wenyewe, hata kondakta wa lile daladala lililosimama alikuja. Waliokuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kuja ndio waliokaa kimya, na ukimya wao ulikuwa umeandikwa kwenye mkataba.

Kiswahili chetu kina maneno mawili hapa. Pole unampa mtu yeyote, hata aliyejikwaa mwenyewe. Haina hatia ndani yake. Samahani anaisema mwenye deni. Mimi nilikuwa nimezipata pole za kutosha kujaza kapu. Nilichokuwa nakisubiri ni samahani moja, na fomu ya afisa madai haikuwa na nafasi yake. Kulikuwa na nafasi ya risiti za hospitali, nafasi ya mshahara uliopotea, nafasi ya namba ya PF3. Hata nauli ya bodaboda iliyompeleka mama hospitali kila siku haikuingia, maana bodaboda hatoi risiti.

Sasa utasema: si ndiyo sababu uende mahakamani? Huko kuna hakimu, kuna kiapo, kuna kusema ukweli mtupu. Nami nilifikiri hivyo. Dada yangu ni nesi, amewapokea majeruhi wa barabarani kwa miaka mingi, naye alinisukuma sana upande huo. "Mdogo wangu," aliniambia, "ukichukua hizo fedha kimya kimya, yule tajiri anarudi barabarani Jumatatu kama kawaida. Kesi inasemwa mbele ya watu. Kesi inaandikwa."

Mjomba alikuwa na lake. Alikuwa karani wa mahakama, miaka ishirini na sita akibeba mafaili ya watu. Nilimpigia simu.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mjomba. Mguu?"

Nilimweleza karatasi zote mbili. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Wewe unadhani siku ya kwanza watasema nini hao?"

"Watajibu madai."

"Watakana. Watakana kila kitu, mpaka kwamba wewe ulikuwa Tabata. Watasema ulikatiza mbio, watasema ulikuwa kwenye simu. Wakili wao analipwa kwa kazi hiyo, usimchukie. Utakaa unasikiliza watu wakieleza jinsi ulivyojivunja mguu."

Ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikukipenda. Nilikuwa nikidhani njia mbili hizi zinaelekea mahali pawili: bima ni fedha, mahakama ni ukweli. Kumbe kwa sehemu kubwa zinaelekea kwenye mfuko mmoja. Ukishinda kesi, sheria inaitaka kampuni ileile ya bima ilipe ulichohukumiwa, kwa zile hasara ambazo bima hiyo ya lazima inazikinga. Mahakama nayo inataka risiti kwa kila shilingi uliyoitumia. Fidia ya maumivu ndiyo inayobaki kwenye busara ya hakimu. Na ukishindwa, kwa kawaida unabeba gharama za mwenzako. Tofauti kubwa ni muda, kiasi, na jambo lile la dada: kwamba kesi inasemwa mbele ya watu.

Nikiwa nimelala na mguu juu ya mto, nilirudia kusoma *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1969. Shuleni tulifundishwa kumwona Shylock kuwa ni roho mbaya, yamekwisha. Safari hii nilimsoma kama mtu mwenye dai. Anadai dukati 3,000. Pale barazani wanamtolea mara mbili yake, na akihimizwa achukue hata mara tatu, anakataa. Anataka ratili ya nyama. Kwa nini mtu wa fedha akatae fedha? Nadhani ni kwa sababu kinachomuuma hakipo kwenye hati. Antonio alikuwa akimtemea mate hadharani, na hati ile haina kifungu cha mate. Kwa hiyo anakamata kifungu kilichopo, anakishikilia kwa meno, kwa niaba ya kile kisichokuwepo. Na mahakama inafanya nini? Inaisoma hati kwa ukali kuliko yeye: nyama ndiyo, damu hapana. Anatoka bila deni lake, bila nusu ya mali yake, na dini yake ameamriwa kuiacha. Habari ya mate haikupata hukumu.

Niliogopa. Niliona kwamba milioni 25 za wakili zilikuwa ratili yangu ya nyama. Sikuwa na hesabu iliyofika huko. Nilikuwa na hasira inayotafuta tarakimu.

Aristotle, akizungumzia haki ya kusawazisha, anasema hakimu hajali nani mwema na nani mbaya. Anatazama madhara tu, anawachukulia wawili kuwa sawa, na kurudisha usawa uliovunjika. Ni wazo safi sana, na ndilo linalosimamia fomu ile ya bima. Wapo waliolifikisha mbali zaidi. New Zealand, tangu 1974, aliyeumia kwa ajali hana haja ya kuthibitisha kosa la mtu: mfuko wa umma unamtibu na, akishindwa kufanya kazi, unamlipa asilimia 80 ya kipato chake. Badala yake, amepoteza haki ya kumshtaki mwenzake kudai fidia ya jeraha hilo. Nikiwa na magongo, natamani ningeumia kwenye nchi ya namna hiyo. Hakuna kukana, hakuna dari la kuangalia. Lakini hata huko, nadhani, kuna mtu usiku anajiuliza: aliyenigonga anajua jina langu?

Nitie saini au nisitie? Hapa ndipo falsafa ilipokutana na kodi ya nyumba. Shule yangu ni ya binafsi. Mshahara ulikuwa umekatwa nusu tangu mwezi wa tatu wa ugonjwa. Mtoto alikuwa na ada. Mama alikuwa ameuza mashine yake ya kushonea bila kuniambia; niligundua nilipoona pale dirishani pamebaki alama nne za miguu yake sakafuni. Mwenye njaa hana miiko, wahenga walisema, na walisema hivyo kwa huruma, si kwa kejeli. Usiache mbachao kwa msala upitao. Novemba 2021 nilitia saini. Nikaikomboa mashine kwa 350,000, nikalipa madeni, nikalipa ada. Mama alishona siku hiyo hiyo hadi usiku, na ule mlio ulinilaza usingizi kama mtoto.

Laiti mambo yangeishia hapo, ningekuandikia insha ya ushauri: chukua bima, usigombane, kidogo si haba.

Wiki mbili baada ya saini, simu ikaita. "Mwalimu, mimi ndiye niliyekugonga. Naweza kuja sasa?"

Neno lile "sasa" lilinikaa kooni.

Alikuja Jumapili na machungwa kwenye kifuko. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, viatu amevivua tangu nje. Akasimama mlangoni, akasema, "Mwalimu, naomba unisamehe." Mama akalia kabla yangu. Aliketi kwenye kona ya mkeka, akaeleza kwamba alitaka kuja tangu wiki ya kwanza, akakatazwa ofisini: ukienda kule, umetufunga. Ilipolipwa bima, ndipo akaambiwa yamekwisha, fanya utakalo.

Kisha akasema lingine. Asubuhi ile alikuwa kwenye usukani tangu alfajiri ya jana yake. Tripu tatu za matofali, bila kulala. Alipomwambia tajiri kwamba macho yanamfumba, alijibiwa kuwa wanaoutaka usukani huo ni wengi. Trafiki walipomhoji, aliambiwa aseme alikuwa na haraka, faini italipwa. Akasema hivyo.

Nilimsikiliza, na chini ya shati langu jasho lilikuwa linatiririka. Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kumfanyisha mtu kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Yule kijana alikuwa ameendesha zaidi ya saa 24. Kwa upande wa fidia huenda isingebadilisha kitu kikubwa: tajiri anawajibika kwa kosa la dereva wake akiwa kazini, awe alikuwa na haraka au alikuwa amelala. Lakini kwa upande wa nani alifanya nini, ilibadilisha kila kitu. Miezi minane nilikuwa nimemchukia mtu asiyestahili, na aliyestahili nilikuwa nimemwachia kwa saini.

Tazama mchezo ulivyo. Neno haki tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko neno hilo linabeba mawili kwa pamoja: stahili ya mtu, na ukweli. Kwangu yalitengana. Ningeshtaki, huenda ningepata stahili kubwa zaidi, na kijana huyu angesimama kizimbani akiapa kwamba nilikatiza mbio. Nilipotia saini niliuza dai, na kwa kuuza ndipo ukweli ukaja wenyewe, miguu mitupu, na machungwa. Kila mlango ulifunguka kwa kuufunga mwingine.

Dada hakukubaliana nami, na bado hakubaliani. Anasema mahakama ingeweza kuamuru daftari la safari liletwe, na mle zingeonekana tripu tatu. Mjomba anasema daftari hilo lingepotea kabla wino wa amri haujakauka. Nimewasikiliza wote wawili kwenye sherehe tatu za familia. Siwezi kumshinda dada. Ana hoja moja inayonichoma: mimi nilifikiria mguu wangu, mama yangu, ada yangu, sawa, lakini kwenye zebra ile kuna mtu wa Jumamosi ijayo. Katika mapatano ya mimi na kampuni, yeye ndiye mtu wa tatu. Tuliketi mezani wawili, tukatia saini, na yeye hakuwepo.

Hilo ndilo ninaloliona sasa kuwa swali lenyewe. Nilikuwa nikiuliza njia ipi inalipa, au njia ipi ina heshima. Kuchukua bima si uoga, na kushtaki si ushujaa. Nimewaona waoga wakishtaki na mashujaa wakitia saini ili mama arudishiwe cherehani. Mtu aliyeumia hana wajibu wa kuwa shahidi wa jamii nzima kwa gharama ya chakula cha watoto wake. Anachowajibika ni kujua kile hasa anachokiuza. Mimi niliuza dai langu la fedha. Nilidhani nimeuza na ulimi. Nilipoisoma tena ile karatasi, sentensi kwa sentensi, ilizungumzia madai. Haikusema popote kwamba nisimwambie mtu kilichotokea. Ukimya niliuongeza mimi mwenyewe, bure, kama nyongeza ya muuza dagaa.

Na kama ningepewa nafasi ya kurudia, ningetia saini tena, ila nisingeharakisha. Ningengoja daktari aseme mguu umefika mwisho wake. Mimi nilifanyiwa upasuaji wa pili wa kutoa vyuma miezi sita baada ya kusaini, kwa fedha zangu. Miaka mitatu ya sheria ipo kwa ajili hiyo. Afisa madai hakunidanganya, tena alikuwa mpole. Lakini upole wake ulikuwa na tarehe, na mguu wangu haukuwa nayo.

Kuhusu lile la saa 24, sikutaka kulisema kwa siri ya mtu mwingine. Nilimpigia kijana, nikamuuliza kama naweza kwenda kwa afisa kazi. Akaomba muda. "Mwalimu, ukisema, nitajulikana ni mimi." Alikuwa na haki yake, mkate wake ulikuwa mle ndani ya kenta. Nikangoja. Zilipita wiki, nikaanza kujiambia kwamba nimefanya niwezalo, na usingizi wangu ukaanza kuwa mzuri, jambo ambalo leo linanitia aibu kidogo.

Siku moja wakati wa mapumziko shuleni ukaingia ujumbe wa simu: "Mwalimu nimepata kazi kwa mtu mwingine. Nenda kaseme. Tupo madereva wanne tutakaoandika majina."

Nilienda kesho yake, na fimbo. Fomu ya pale ina mistari mingi mitupu, upana wa ukurasa mzima, chini ya maneno "Eleza kilichotokea". Niliketi kwenye benchi la ukumbini, nikaandika mpaka mistari ikaisha, nikaomba karatasi nyingine.